Sukari ya Mara ya Pili

Kisian, Jumapili jioni

Nyara Atieno, binti yangu,

Mama yako yuko jikoni anafunga omena, dagaa wa ziwa letu, kwenye mikebe huku akiongea peke yake kuhusu baridi ya Nyahururu unakoenda kesho, kana kwamba Nyahururu imemkosea. Wewe umeenda kuaga watu kule barabarani, na najua hutarudi upesi kwa sababu kila nyumba itataka ukae chini kwanza na unywe kitu. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa stoo, juu ya kreti lililogeuzwa, karibu na ndoo yako ya bia. Kile kibomba cha juu kinatoa mapovu yake polepole, na mimi nimeona nikiandikia hapa nitakuwa mkweli kuliko nikiandikia sebuleni.

Mambo ya kufunga mlango, ya kuvaa sweta na ya kuchagua marafiki nimemwachia mama yako. Ameshayasema yote na kesho stendi atayasema tena. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu sukari. Usicheke. Ama cheka, lakini usome hadi mwisho.

Nianze na mchana wa leo. Nilikuwa nimeosha chupa zote na kuzipanga mdomo chini, vizibo vimechemshwa, mashine ya kufungia imepakwa mafuta. Nilikuita kwa furaha kama mtu anayeita watoto waje kula. Ulikuja ukifuta mikono kwa leso, ukainama, ukaingiza kile kipimo cha kioo kinachoelea, ukakiangalia hadi kikaacha kucheza.

"Baba, hii bado inakula," ulisema. "Haijamaliza sukari yake ya kwanza."

"Imebaki kidogo tu. Si tuifunge leo tukiwa wawili?"

"Tukifunga leo itapasuka. Ni wewe ulinifunza hivyo."

"Kwani mimi sijui? Kazi ya chupa nilianza wewe ukiwa hata nursery hujaingia."

Ulichukua kitambaa safi, ukafunika chupa zisiingie vumbi. Ulipofika mlangoni ukasema, "Utaifunga wewe ikitulia, Baba. Mimi nitakuwa kazini," ukatoka. Nilibaki na mashine yangu iliyopakwa mafuta, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa mandazi.

Ukweli ni kwamba nilijua haijatulia. Hata kabla ya kukuita nilikuwa nimejua. Nilitaka tu mikono yako iwe kwenye kazi hii pamoja na yangu kabla hujaondoka. Mtu akizeeka anaanza kufanya mambo ya kitoto na kuyatafutia sababu za kikubwa. Umenikataza vizuri, na nimefurahi kwamba ulinikataza.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana hujawahi kunisikia nikieleza haya kwa mpangilio.

Babu yako, baba yangu, hakupenda bia ya chupa hadi anakufa. Wao walikunywa kong'o, pombe ya kienyeji ya chunguni, wazee wameketi duara, kila mtu na mrija wake mrefu umezama kwenye chungu kile kile. Wakigombana waligombana hapo hapo, na mrija haukutolewa mdomoni mpaka maneno yaishe. Mara ya kwanza nilipomletea bia ya chupa aliigeuza geuza akaniuliza, "Sasa hii mtu anakunywa akiangalia nani? Anaangalia ukuta?" Nilimcheka. Nilikuwa kijana wa depo ya soda mjini, kazi yangu kukagua chupa tupu zinazorudi, kuinua kila moja kwenye mwanga nione kama ina ufa. Chupa ndiyo iliyokuwa inanilisha. Niliona baba yangu ni mtu wa zamani.

Lakini hata kwa tabia baba yangu alikuwa kama chungu kile, mdomo wazi. Alikasirika asubuhi, akapiga kelele, na kufikia chakula cha mchana alikuwa amesahau na anakuuliza mbona huli. Mimi nikawa chupa. Nanyamaza, nanyamaza, halafu siku moja mbele za watu napasuka, na anayepata vipande ni yule aliyesimama karibu. Mara nyingi aliyesimama karibu alikuwa wewe.

Nilipostaafu na kuanza kutengeneza bia ya mtama ya hapa nyumbani (na Mungu shahidi sijawahi kuuza hata chupa moja, chifu aje aangalie), nilifanya kila kosa linaloweza kufanywa. Bia ya kwanza sikuitia kabisa ile sukari ya mara ya pili, kidogo tu inayotiwa wakati wa kuifunga ili itoe povu. Nilidhani kilichomo kinatosha. Tulipofungua ilikuwa imelala, maji ya kuoshea sufuria ni afadhali. Ya pili nikatia sukari kwa kijiko kila chupa, na kwa sababu kijiko changu siku zote kina huruma na chupa nyingine kuliko nyingine, moja ikawa mfu na jirani yake ikaruka hadi kwenye bati. Wewe ulikuwa shule ya upili wakati huo. Ulisimama hapo mlangoni na sare yako, ukaniuliza kwa nini nagawa sukari kama mtu anayegawa dawa hospitalini. Ukasema niichemshe sukari yote na maji kidogo, niiache ipoe, niimwage kwenye ndoo safi, halafu niteremshe bia juu yake kwa mpira, taratibu, mashapo yabaki chini. Sukari itajigawa yenyewe, ulisema. Nilitaka kukufukuza. Nikajaribu ulipokuwa hunioni.

Tangu siku hiyo hatukuharibu tena. Kila mtu hapa Kisian alidhani njia ile ni yangu, na mimi sikuwasahihisha.

Ndiyo tufike kwenye ayie.

Najua hupendi itajwe. Wale watu wa Port Victoria walikuja na gari mbili na samaki mbuta mkubwa mpaka mkia ukatokeza dirishani, kuleta ile zawadi ya mama ambayo mama akiipokea amekubali binti aolewe. Mimi nilikuwa nimevimba kichwa. Kijana ana kazi nzuri, ukoo wao unajulikana ufuoni kote, na mimi mkagua chupa wa zamani nitawapa kitu ambacho hakuna mkwe mwingine amewahi kuwapa, bia ya mikono yangu. Nilikwambia wewe upime sukari. Ulipima. Niliona ukipima. Tukajaza chupa zote, kisha mimi nikaenda kumtafuta fundi kwa sababu mashine ilikuwa imekwama, na wewe ukaenda jikoni kutoa vizibo kwenye maji ya moto. Chupa zilibaki wazi mezani kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai.

Halafu tukafunga, tukaweka gizani, tukangoja. Siku ya wageni tukazitoa kwenye ubaridi wa stoo tukaziweka chini ya hema, kwenye joto letu hili la Kisumu. Ya kwanza kufunguliwa ilipanda hadi kwenye paa la hema. Ya pili ilimwosha yule jagam, mshenga wao, shati jeupe lote. Ya tatu haikungoja kufunguliwa. Ilipasuka ndani ya kreti katikati ya maombi, na mzee wa kanisa akasema amina kabla ya wakati.

Hakuna aliyeumia, nashukuru. Jagam alifuta uso na kusema, "Omera, ndugu yangu, huyu msichana akikuja kwetu, hata chai si italipuka?" Watu wakacheka. Wewe ulikuwa umesimama pale na trei.

Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Kisha nikaongeza la kwangu, ambalo hakuna mtu aliyeniomba: "Nilimwambia apime. Huyu wangu amesoma mpaka akamaliza, lakini kupima ni shida."

Nimekaa na kicheko kile muda mrefu nikijiuliza kilitoka wapi, kwa sababu sikuwa na furaha yoyote. Nimepata jibu, na halinipendezi. Kilitoka depo. Kule bosi alikuwa na mchezo wa kumdhihaki mpakiaji mmoja aliyekuwa na kigugumizi, na sisi wote tulicheka bosi akicheka, kwa sababu asiyecheka alionekana. Miaka yote ile nilidhani nacheka kwa mdomo tu. Kumbe mwili ulikuwa unajifunza. Siku ya ayie wakubwa walikuwa wale wageni, na mwili wangu ukafanya kazi uliyoizoea.

Wewe uliweka trei chini bila kelele. Ukaenda, ukarudi na kitambaa, ukafuta meza ya wazee. Ulimwangalia Waya, shangazi yako na dada yangu, mara moja, naye alikuwa anaangalia viatu vyake. Sikuelewa. Nilidhani mnaona haya nyote wawili.

Wiki iliyofuata ukasema hutaolewa kule. Nilikwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yako anaweza kuyasoma na yeye anayakumbuka vizuri. Nilidhani umekataa kwa kiburi cha masomo. Mama yako ndiye aliyeniambia ulichomwambia jikoni: "Nilimwangalia yule kijana, alikuwa anacheka. Nikamwangalia Baba, alikuwa anacheka." Hata baada ya kuambiwa hivyo sikuomba msamaha. Nilijiambia, lakini si kweli alipima vibaya?

Ukaanza kuja nyumbani kama mgeni. Unaleta mkate, unasalimia, unakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Ndoo zangu hukuzigusa tena, na mimi nikaacha kutengeneza. Nilisema mgongo unauma.

Sasa nikueleze kilichotokea mwezi huu, ulipopata barua ya kazi na kurudi kungojea siku. Ulienda stoo mwenyewe bila kuniuliza. Nikasikia maji. Ulikuwa unaosha ndoo. Ukakausha kimea, ukakisaga, ukapika, ukatia hamira, ukafunika. Nilikuwa nyuma ya nyumba najifanya nafunga ua ambao haukuwa umefunguka. Sikuja. Niliogopa kwamba nikija utaacha.

Wiki hii, ukiwa mjini kununua viatu, Waya alipita kunisalimia. Akaona ndoo inatoa mapovu. Akatabasamu, akaniuliza, "Na hii mmeweka sukari, ama mnaningojea?"

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Si ile ya wageni ni mimi niliokoa? Nilionja ile ilikuwa imebaki kwa ndoo, ikawa chungu sana. Nikasema huyu ndugu yangu atatuaibisha, wageni wa ayie wapewe kitu haina sukari? Nikachukua bakuli, nikapitia chupa zote, kijiko kijiko. Hata ilitoa povu, nikaona imeshukuru."

Mama yangu alitulea kwa chai yenye sukari iliyotiwa kwenye sufuria. Kwetu ukimuuliza mgeni anataka vijiko vingapi, anaona unamhesabia. Na watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Waya alikuwa anatuponya. Bia iliyotiwa sukari ya kuifungia haina utamu mdomoni, kwa sababu ile ni kidogo sana na kazi yake si utamu, lakini yeye angejuaje? Hakuna aliyemwambia. Na siku ile chupa zilipopasuka, alidhani ni joto. Viatu alikuwa anaviangalia kwa sababu vilikuwa vipya na vimelowa.

Wewe ulijua. Sasa nimekumbuka kwamba uliporudi na vizibo ulifuta meza kabla hatujaanza kufunga, na nilipouliza unafuta nini ulisema ni chenga. Ulidhani Waya amemwaga sukari akitengeneza chai, si ndiyo? Mpaka zilipoanza kupasuka, ndipo ukamwangalia. Na mbele ya watu wale ungeweza kusema neno moja tu, ukajitoa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa amekushika mkono kukutoa nje mbele ya wageni, mjane ambaye kelele za watu zimemtosha, na msichana wa Kijaluo hamvui nguo waya wake mbele ya wakwe. Ulibeba. Na mimi baba yako nikaongeza mzigo juu.

Nilimweleza Waya yote. Alishika kikombe hadi chai ikapoa. Kisha akasema, "Na huyo mtoto alinyamaza hivyo tu, miaka yote?" Akafunga leso yake vizuri akaenda nyumbani bila kuaga. Ndiyo maana jana alikuletea yule kuku na hakuweza kukuangalia usoni. Usimkimbize. Atasema mwenyewe siku yake ikifika.

Jana hiyo hiyo nilimpigia simu yule jagam. Nilimwambia nataka ajue kwamba siku ile binti yangu alipima sawa, na kosa lilikuwa la nyumba yangu, na lililozidi ni la mdomo wangu. Alicheka. "Mzee, hiyo si mambo ya zamani? Kijana hata alishaoa." Nikamwambia, "Kwako ni ya zamani. Kwangu iko kwa nyumba." Akasema amesikia, na kwamba atawaambia wazee waliokuwapo. Sijui kama atawaambia. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu anaweza angalau kusema nani aliyepiga teke ndoo.

Unaona kwa nini leo mchana nilikuwa na haraka? Nilitaka tufunge bia pamoja, na katikati ya kazi, mikono ikiwa na shughuli na macho yakiangalia mpira, nikwambie haya. Ana kwa ana siwezi. Nimejaribu tangu Alhamisi. Kila nikikohoa kuanza, unaniuliza kama nataka maji.

Nyara, unaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa, na kazi waliyokupa ni kupima. Mimi niliyewaambia watu hujui kupima nitasimama stendi kesho nikupungie mkono. Nimelifikiria hilo sana. Sina ushauri wa maana kuhusu maziwa. Lakini kuna mawili nimejifunza kwa gharama yako, na si haki nikae nayo.

Watu wanaokupenda watakuja kila mmoja na kijiko chake. Utakuwa umeshapima maisha yako vizuri, umeyatuliza, na mtu atapita wewe ukiwa jikoni, aone hayana utamu anaoujua yeye, aongeze. Hatakuwa na ubaya. Nimekuwa mtu huyo kwako, kwa ndoa ile. Waambie mapema kwamba sukari imeshatiwa. Sisi tulikosea kwa kutomwambia Waya neno dogo hilo.

La pili ni la kicheko. Huko kazini siku moja wakubwa watamcheka mtu, na mwili wako utataka kucheka nao. Angalia kwanza nani ameshika trei.

Basi. Nasikia mbwa wa jirani anabweka, labda ni wewe unarudi. Barua hii nitaisukuma chini ya mikebe ya omena, kwa hiyo utaisoma ikiwa na harufu ya nyumbani, na mama yako hatajua mpaka ufike.

Bia yako nitaifunga ikitulia, si kabla. Nitachemsha sukari kama ulivyonifunza wewe, maana ni wewe uliyenifunza, na wiki hii nimeanza kuwaambia watu hivyo. Waya amesema atakuja kushika vizibo. Nimekubali, lakini bakuli la sukari litakaa kwa jirani siku hiyo. Tutaziweka gizani, na ukija Krismasi utazifungua mwenyewe, uwanjani, mbele ya kila mtu aliyekuwa chini ya lile hema na bado anakaa hapa Kisian. Nimeshawaalika. Nitasimama kabla ya chupa ya kwanza na nitasema kwa sauti kile nilichopaswa kusema siku ile bia ikinidondoka usoni. Lakini usingoje Krismasi kukisikia.

Atieno, kipimo chako kilikuwa sawa.

Baba yako